Nilivyokiosha Kibuyu cha Mama Saibulu

Mimi ni mtu wa kusugua. Niliseme hilo mapema ili usije ukafikiri nilifanya kwa ubaya. Sufuria zangu unaweza kujitazamia sura, na uani kwangu hata jani la mwarobaini likianguka linajisikia vibaya. Marehemu mume wangu alikuwa akisema anaogopa kulala mchana, nisije nikamsugua na yeye. Alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo vitu vya kusugua vimepungua sana.

Jina langu Teresia, ila Mikumi wote wananiita Mama Elia. Nyumba yangu iko nyuma ya gesti, karibu kabisa na barabara kuu ya Iringa, kiasi kwamba lori likifunga breki kwenye tuta, vikombe vyangu kabatini vinalia. Nilikuja hapa kutoka Malolo nikiwa bibi harusi. Nimeuza chakula kwa madereva miaka ishirini na mbili, nikasomesha watoto wawili kwa wali na maharage. Elia yuko Mwanza. Devota yuko Dodoma, ana ofisi yenye kiyoyozi na hana muda. Jumapili hupiga simu, wakikumbuka. Siwalaumu, sikuwasomesha ili waje wakae hapa na mimi kuhesabu malori. Lakini nyumba ya vyumba vinne kwa mtu mmoja ni adhabu, na anayesema amezoea anadanganya.

Ili nisichanganyikiwe, nafuma vitambaa. Makochi yangu yana vitambaa mgongoni na mikononi, redio ina chake, friji ina chake, hata mtungi wa gesi nimeuvalisha. Na napika. Napika bagia za kunde za mama yangu, zile ambazo kunde zinalowekwa, zinamenywa ganda moja moja, zinasagwa kwenye jiwe, halafu zinapigwa kwa mkono mpaka ukitupa donge kwenye maji linaelea. Niliwahi kumwambia Devota kwenye simu aje nimfundishe kabla sijafa. Akasema, "Mama, mbona ziko YouTube?" Nikaenda kuangalia. Mwanamke wa YouTube alitia amira! Nilizima simu nikakaa kimya jioni nzima.

Aliyekuwa akizila bagia zangu ni Mama Saibulu.

Jina lake mwenyewe ni Naishorua, mama wa Kimaasai, amenizidi kama miaka kumi hivi. Alipanga chumba changu cha uani wakati wanawe walipohamisha ng'ombe kwenda Lindi kutafuta malisho. Yeye alikataa kwenda. Macho yake yalikuwa yanamsumbua na alikuwa akihudhuria kliniki, lakini sababu yenyewe aliniambia siku nyingine: "Nimehama sana. Nimechoka." Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache na hakuyapoteza ovyo. Mimi Kimaasai sijui hata neno la kuombea maji. Tuliishi hivyo miaka minne na hatukuwahi kukosa mazungumzo.

Asubuhi nilikuwa namwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba huku akiendelea na kazi yake. Usicheke, lakini katika umri wangu, kuwa na mtu wa kumpa shikamoo ndani ya ua wako ni jambo kubwa. Unajisikia bado kuna mtu mbele yako.

Kazi yake ya asubuhi ilikuwa maziwa. Alikuwa na kibuyu kirefu, kimevaa mkanda wa ngozi wenye shanga, alichopewa na mama yake siku ya kuolewa. Alikuwa akichoma kijiti cha mti fulani ambao jina lake kwa Kiswahili hakuna aliyewahi kunitajia, anakiingiza kikiwa kaa ndani ya kibuyu, anakizungusha na kukisugua kwenye kuta, moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu, halafu anafuta kwa brashi ndogo ya manyoya ya mkia wa ng'ombe. Ndipo anamimina maziwa, anafunika, anayaacha siku tatu au nne mpaka yagande. Maziwa yake yalikuwa na vidoadoa vya kijivu na ladha ya moshi ambayo mwanzoni ilinishinda. Baada ya mwezi mmoja, mgando wa dukani ukawa haunipiti kooni.

Aliniambia kwamba kila mwanamke kwao ana moshi wake. Watoto wake wanne, hata uwafumbe macho uwape vibuyu kumi, wangejua cha mama yao. Alipoyasema hayo alicheka, na yeye kucheka haikuwa kila siku.

Mchana tulikuwa tunakaa barazani, yeye anatunga shanga, mimi nafuma. Shanga akizitunga kwa kupapasa, maana macho hayakumsaidia tena, akikosea rangi ananiuliza, "Hii nyekundu?" Nami namwambia. Basi. Saa tatu nzima tunaweza kusema maneno hayo tu, na jioni ninajihisi nimeongea na mtu.

Sasa, mwezi wa nane mwaka jana mwanawe mkubwa, Saibulu, alipiga simu kwamba anakuja kumchukua mama yake. Amejenga kule, kuna zahanati, na si heshima mama kupanga chumba wakati ana wana. Mimi niliposikia, chakula kilinishinda. Mama Saibulu hakutetereka. Alinieleza mpango wake kwa utulivu kabisa. Saibulu akija atampa maziwa. Kwao, mama ambaye bado anashika kibuyu chake mwenyewe, ana nyumba yake, na mwana hawezi kumwambia hama.

"Atakunywa," alisema. "Atanyamaza. Atarudi kwa ng'ombe."

Nilimwamini. Nilikuwa nimeyanywa maziwa yale; nilijua hakuna mtu angeyanywa akasema aliyeyatengeneza hajiwezi.

Wiki mbili kabla ya Saibulu kufika, Mama Saibulu alikwenda Kilosa mjini kupimwa macho, akisindikizwa na Naisenya, binti wa ndugu yake anayeuza dawa za miti shamba pale stendi. Walisema watakaa siku tatu. Aliniachia ufunguo wa chumba.

Siku ya kwanza nilifuma. Siku ya pili nikapika bagia, nikakumbuka hakuna wa kuzila, nikawapelekea walinzi wa gesti. Siku ya tatu nikaamka na wazo zuri. Nilisema mgeni anakuja, mwenzangu haoni vizuri, basi ngoja nimfanyie usafi, akirudi akute chumba kinang'aa.

Nilitoa kila kitu nje. Nikapiga deki, nikafua mablanketi, nikasugua sufuria zake mbili na vikombe vyake kwa mchanga mpaka vikaona aibu. Halafu nikakiona kibuyu kwenye msumari. Nilikichungulia, ndani kweusi tii. Nikamwonea huruma. Nikasema mtoto wa watu macho yamekwisha, haoni kwamba kibuyu kimeota masizi. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikaweka na kokoto ndogo ili zikwangue ndani, nikatikisa. Maji ya kwanza yakatoka meusi kama ya magari ya mkaa. Ya pili yakatoka kijivu. Ya tano yakatoka meupe, na mimi nikasimama uani na kibuyu changu mkononi nimefurahi, nakianika juani kichwa chini.

Nilidhani moshi ni kiungo. Nilidhani kila siku anautia upya, kama mtu anavyotia hiliki kwenye chai, kwa hiyo chombo lazima kioshwe kwanza kama chombo kingine. Miaka minne nimekaa pembeni yake na sikuelewa kwamba ule weusi ndio wenyewe. Miaka arobaini na zaidi ya vijiti, juu ya ile ya mama yake, nilikuwa nimeimwaga kwenye mtaro wa gesti.

Alirudi kesho yake mchana. Aligusa ukuta, akagusa kitanda, akasema, "Mama Elia, umefanya kazi." Nikajichekea. Akakitungua kibuyu. Akafungua mfuniko, akakiinua mpaka puani. Alikaa nacho pale mpaka nikaanza kuhisi kuna jambo. Akaingiza kidole, akakipitisha ndani, akakitoa, akakisugua kwa kidole gumba. Alikaa kitandani na kibuyu mapajani, na mimi nikasema naenda kuangalia maharage. Sikuwa nimebandika maharage yoyote.

Kesho yake alichoma kijiti si mara moja, mara tatu. Akamimina maziwa. Siku ya nne akafungua, akaonja, akatoka nje akammwagia mbwa wa jirani. Nikajitia hamnazo.

"Vipi maziwa, Mama Saibulu?"

"Mabaya."

"Mabaya vipi?"

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa na ukungu lakini aliyaelekeza palepale nilipokuwa. Akangoja, kama mtu aliyefungua mlango akamsubiri mgeni apite. Kisha akasema, "Mkono umezeeka."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Roho ilinisuta mpaka masikio yakawaka moto. Lakini nilijiambia kwamba nikisema, atanichukia; akinichukia, atamwambia Saibulu amchukue; akichukuliwa, nitabaki na vitambaa vyangu. Nikajiambia kijiti kikipita mara nyingi kibuyu kitarudi, na hakuna haja ya kuharibu urafiki kwa kitu kitakachotengemaa chenyewe. Ndiyo akili niliyokuwa nayo, na nilikuwa na miaka sitini na moja.

"Aa, usiseme hivyo," nikamwambia. "Mkono wako mzima kabisa. Labda ni hali ya hewa."

"Hali ya hewa," alisema.

Siku zile zilizobaki hazikuwa ndefu lakini zilinichosha kuliko msiba. Mchana tulikaa barazani kama kawaida. Aliacha kuniuliza kuhusu rangi za shanga. Alikuwa akitunga chochote kilichokuja mkononi, na mimi naona nyekundu imekaa mahali pa bluu, naona nyeupe tatu zimefuatana, na sisemi, kwa sababu hajaniuliza. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza lori lilipiga honi, nikashukuru. Mara ya pili hakukuwa na lori lolote, nikakohoa nikaenda kuchota maji. Nilikuwa naye hatua mbili tu pembeni yangu na sijawahi kuwa mpweke vile, hata siku nilipomzika mume wangu.

Mara ya pili maziwa yaliganda, lakini vibaya, maji juu na mabonge chini, na nyuma ya moshi kuna kitu kinachokwangua ulimi. Nilijua ni nini. Nilikinunua mwenyewe dukani.

Saibulu alifika Jumamosi saa nne asubuhi, mtu mrefu wa miaka arobaini na kitu, amevaa shuka na koti la suti juu yake. Aliinamisha kichwa mbele ya mama yake, akaguswa utosini. Akanigeukia mimi, "Shikamoo, mama," nikasema, "Marahaba, mwanangu, pole na safari." Kijana mwenye adabu. Ningefurahi zaidi kama angekuwa mhuni, ningepata sababu ya kumpinga.

Naisenya naye alikuja, tukakaa wote barazani. Nilileta bagia. Mama Saibulu akaingia chumbani, akatoka na kibuyu, akakitikisa, akammiminia mwanawe kikombe kimejaa. Mtu anayejua maziwa yake ni mabaya alimpa mwanawe bila kutetemeka, na mimi niliyekaa pembeni nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Saibulu alikunywa funda moja. Akatulia. Akatazama ndani ya kikombe. Kisha, kwa heshima, akayamaliza yote bila kupumzika, kama mtu anayekunywa dawa, akakiweka kikombe chini polepole sana. Akamuuliza mama yake kitu kwa Kimaasai. Mama akajibu maneno mawili, matatu.

"Anasema mkono wake umezeeka," Naisenya akanitafsiria kwa sauti ya chini, na alikuwa karibu kulia.

Saibulu alijifuta mdomo. "Mama," aliniambia mimi, "tunakushukuru sana. Umeishi na mama yetu vizuri, hata sisi watoto hatukufanya hivyo. Lakini umeona mwenyewe. Maziwa haya siyo ya yeyo, ya mama yetu. Tangu nizaliwe sijawahi kunywa hivi kwake." Akaniangalia. "Au kuna kitu kilitokea? Maana wewe ndiye uliye naye hapa. Kuna kitu?"

Mama Saibulu alikuwa amekaa amepakata kibuyu chake, uso ameuelekeza kwangu. Hakunikonyeza, hakunikunjia uso. Alikuwa anasikiliza tu. Nilihitaji maneno manne. *Nilikiosha kwa sabuni, baba.* Yalikuwa yamekaa mdomoni tayari, nayahisi kwenye meno.

"Ni uzee tu, mwanangu," nilisema. "Sote tunazeeka."

Mama Saibulu aliinamisha kichwa. Akarudishia mfuniko wa kibuyu, akaubana vizuri kwa kiganja. Kisha akasema neno moja kwa Kimaasai, na Naisenya hakunitafsiria. Haikuhitajika, kwa sababu Saibulu alisimama akaenda chumbani kuanza kufunga mizigo.

Mizigo yake ilikuwa midogo. Mtu aliyehama sana hana vitu. Kufika jioni chumba kilikuwa kitupu na mimi nilikuwa jikoni nakaanga bagia za safari, nusu debe, za kulisha basi zima.

Asubuhi niliwasindikiza stendi. Kulikuwa na baridi, nyani wamekaa kwenye kingo za barabara wanawavizia abiria wenye ndizi, wapiga debe wanagombania mabegi. Saibulu na Naisenya walikwenda dirishani kukata tiketi. Tukabaki wawili, mimi na Mama Saibulu, kwenye benchi la mama muuza chai. Kibuyu alikuwa amekifunga mgongoni kwa khanga, kama mtoto.

Sijui ni nini kilichonifungua. Pengine ni kwa sababu sasa sikuwa na cha kulinda. Nilimshika mkono, nikasema, "Mama Saibulu. Kibuyu nilikiosha mimi. Ulipokuwa Kilosa. Kwa sabuni, kwa maji ya moto, nikatia na kokoto. Mkono wako haujazeeka. Ni mimi."

Hakuutoa mkono wake.

"Najua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Siku nimerudi. Nimenusa." Akagusa pua yake. "Macho kidogo. Pua mzima."

"Sasa mbona hukusema? Mbona hukumwambia Saibulu? Angekaa angengoja upate kibuyu kingine, mbona..." Nilikuwa nalia na mama wa chai anatutazama, na sikujali. "Ulikubali uonekane hujiwezi!"

Alifikiri. Alikuwa anatafuta maneno ya Kiswahili, na nilijua anatafuta yaliyo sawa, kwa sababu hakuwahi kusema mengine.

"Kibuyu kimekufa, sawa. Kibuyu kingine kipo," alisema. "Mimi nakaa na wewe. Ndani ya ua hakuna mtoto, hakuna ndugu. Wewe tu. Nikasema, Mama Elia atasema. Leo atasema. Kesho atasema. Nakaa barazani, nangoja. Saibulu ameuliza, nikasema, sasa atasema."

Basi la kutoka Iringa lilikuwa limeshapunguza mwendo kule kwenye matuta, na wapiga debe wakaanza kukimbia.

"Sasa nimesema," nilimwambia. Nilimshika kwa mikono yote miwili. "Mama Saibulu, nimesema. Nimwite Saibulu? Nimwite sasa hivi nimwambie, mbele ya watu wote. Nitamwambia kila kitu. Chumba kiko wazi, hujakabidhi hata ufunguo. Nimesema sasa."

Alinipapasa uso, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, taratibu, kwa vidole vile vya kutungia shanga. Alikuwa hana hasira hata kidogo, na ningelipa chochote ili awe nayo.

"Sasa gari imekuja," alisema.

Saibulu akaja akamshika mkono mwingine, wakapanda.